Mkono wa Mgeni na Picha za Kale: Adabu za Kutazama Michoro ya Miambani ya Kondoa

Katika desturi zetu mgeni afikapo nyumbani kwa mtu hupiga hodi, hungoja kuambiwa karibu, hukaa pale alipoonyeshwa, wala hafunui chungu kilichofunikwa. Sheria hizo hazikuandikwa kitabuni, lakini hata mtoto wa miaka saba huzijua. Leo nataka kueleza habari za nyumba moja ya kale sana, ambayo wageni wengi huiingia pasipo hodi, na adabu zipasazo kufuatwa ndani yake. Nyumba hiyo ni mapango ya Kondoa yenye picha zilizochorwa miambani.

Kwanza nieleze mahali penyewe, kwa faida ya wasiopajua. Wilaya ya Kondoa imo katika Mkoa wa Dodoma, katikati ya Tanzania. Kaskazini ya mji wa Kondoa, kando ya barabara kuu iendayo Babati na Arusha, kuna kijiji kiitwacho Kolo. Vilima vya huko, vinavyopakana na Bonde la Ufa, vina majabali makubwa yaliyojitokeza mbele mfano wa upenu wa nyumba. Chini ya upenu huo mvua haipigi sana, na jua kali haliingii mchana kutwa. Watu wa kale walipaona kuwa pazuri pa kujikinga na pa kuchora. Eneo lote lenye picha lina kilometa za mraba 2,336, na mapango yenye michoro hukisiwa kuwa kati ya 150 na 450. Serikali ya Tanganyika iliyahesabu kuwa ukumbusho wa kulindwa mwaka 1937, na mwaka 2006 shirika la UNESCO liliyaandika katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Picha zenyewe ni za namna mbili kubwa. Ziko nyekundu, ambazo ndizo za zamani zaidi. Humo mna twiga, tembo, pofu na wanyama wengine, na watu wembamba warefu wenye vichwa vya mviringo au nywele zilizotimka. Hizo hudhaniwa kuwa ni kazi ya watu walioishi kwa kuwinda na kuchuma matunda ya porini, na Wasandawe, wakaao karibu na nchi hiyo hata leo, hutajwa kuwa na uhusiano nao. Tena ziko nyeupe, ambazo mara nyingi zimechorwa juu ya zile nyekundu, na kwa hiyo twajua kuwa zilikuja baadaye. Hizo hudhaniwa kuwa ni kazi ya wakulima na wafugaji. Rangi nyekundu ni ngeu, yaani udongo au jiwe lenye kutu ya chuma, lile lile ambalo mafundi seremala walizoea kupigia mistari juu ya mbao. Wachoraji waliisaga, wakaichanganya na kitu cha majimaji, wakaipaka kwa kidole au kwa kijiti kilichopondwa ncha. Hawakuwa na zaidi ya hayo, na kazi yao ingaliko.

Nami nilipata kwenda huko pamoja na waalimu wawili na watoto wa shule, na miongoni mwa watoto hao alikuwamo mpwa wangu mwenye umri wa miaka kumi. Tulipanda kilima kwa miguu nyuma ya mzee aliyetuongoza, tukafika chini ya jabali tukihema. Mwanzo hatukuona kitu ila jiwe. Macho yalipozoea kivuli, ndipo twiga akatokea, kisha pofu, kisha watu, kana kwamba walikuwa wakitungoja tunyamaze. Mara mwalimu mmoja, mtu mwema tena mwenye bidii ya kazi, akatoa chupa ya maji, akalowesha leso yake, akanyosha mkono ili aipanguse picha, ipate kung'aa watoto waione vizuri. Mzee akamshika kiwiko kwa upole. Mwalimu akasema, "Mara moja tu, mzee wangu." Mzee akajibu, "Mwalimu, kila aliyekuja hapa alikuja na mara moja yake."

Watoto walicheka, lakini mimi sikucheka. Maana mkono wangu ulikuwa umekwisha kugusa mwamba, hapo nilipojiegemeza kupumzika. Nilipouondoa niliona alama ya kiganja changu imebaki juu ya jiwe, ya unyevu wa jasho, ikikauka polepole. Haikuwa juu ya picha, ila ilikuwa shibiri moja tu kutoka mguu wa twiga. Hakuna aliyeniona isipokuwa mpwa wangu. Naye hakusema neno juu ya hilo, bali alinionyesha mahali pengine ambapo mtu alikuwa ameandika jina lake kwa mkaa, herufi kubwa kubwa, akaniuliza, "Mjomba, huyu ndiye aliyechora twiga?"

Wasomaji, swali hilo lilinichoma. Aliyechora twiga hakuandika jina lake. Aliyeandika jina hakuchora kitu. Na mtoto asiyejua anaona yote juu ya jiwe moja, anadhani ni kazi ya mtu mmoja.

Mimi ni karani, na kazi ya karani ni vitabu. Katika ofisi nilikojifunzia kazi palikuwa na daftari moja la zamani, ambalo kila mwenye shauri alipewa atafute jina la baba yake au la babu yake. Hakuna hata mmoja aliyekuja kwa nia ya kuliharibu. Kila mtu alilamba kidole, akafunua karatasi, akaufuata mstari kwa kidole mpaka akalifikia jina, akafurahi, akaenda zake. Mwisho pembe za karatasi zile zilikuwa nyeusi kama kaniki, na majina mengine hayakusomeka tena, hasa yale yaliyotafutwa na watu wengi. Yaani yaliyopendwa zaidi ndiyo yaliyofutika kwanza. Daftari lile lilikuwa na nakala mahali pengine, basi hasara yake ilikuwa ndogo. Mwamba hauna nakala.

Sasa nieleze jinsi madhara yanavyofanyika, maana mtu huifuata sheria vizuri zaidi akijua sababu yake.

Mkono wa mtu, hata ulionawa, una jasho na mafuta, na katika jasho mna chumvi. Mkono ukigusa jiwe huacha vyote hivyo. Mafuta hushika vumbi, na vumbi likishikwa juu ya picha huifunika kwa utando usiotoka kwa urahisi. Tena vidole vikipita juu ya jiwe husugua punje ndogo za mchanga, nazo hukwangua rangi mfano wa msasa juu ya mbao. Rangi ile si nene kama rangi ya mlango. Ni utando mwembamba mno. Kidole kimoja hakionyeshi dalili. Vidole elfu huonekana.

Maji nayo ni adui aliyejificha katika sura ya rafiki. Ni kweli kwamba picha iliyolowa hung'aa kwa kitambo, kama kokoto lililotolewa mtoni, na kwa sababu hiyo wapiga picha wengi wa zamani walizoea kuzimwagia maji, na hata leo wako wanaofanya hivyo. Lakini maji huingia katika jiwe, huyeyusha chumvi iliyomo, na yanapokauka huivuta chumvi hiyo mpaka juu. Hapo hugeuka kuwa ukoko mweupe unaoifunika picha, au huivimbisha ngozi ya jiwe mpaka ibanduke pamoja na rangi yake. Mmwagaji amekwisha kwenda zake na picha yake nzuri. Hasara yaonekana baada ya miaka, wala hajui kwamba ni yake.

Moshi wa moto uwashwao chini ya jabali hupaka masizi. Vumbi la sakafu likitimuliwa kwa miguu ya watu wengi hupanda na kutua juu ya picha. Na wachimbaji, ambao huchimba chini ya mapango wakiamini kuwa Wajerumani walizika mali huko, huivuruga ardhi ambayo ndani yake mna mawe yaliyochongwa, mifupa na vyombo vya watu wale wale waliochora. Ardhi hiyo, mwenye elimu ya mambo ya kale huisoma tabaka kwa tabaka kama mtu asomavyo kurasa. Ikichimbwa ovyo haisomeki tena, na mchimbaji hatoki na kitu ila malengelenge.

Labda msomaji atasema, "Hizi ni hofu tu za karani. Jiwe ni jiwe, limekaa maelfu ya miaka." Na tutazame yaliyotokea Ufaransa. Huko liko pango liitwalo Lascaux, lenye picha za farasi, ng'ombe na kulungu, zilizochorwa maelfu mengi ya miaka iliyopita. Pango hilo lilikuwa limefungika, wala halikujulikana mpaka vijana walipoligundua mwezi Septemba, mwaka 1940. Mwaka 1948 lilifunguliwa kwa wageni, na watu wakaja kwa furaha, hata kufika mwaka 1955 waliingia kiasi cha 1,200 kwa siku. Ikaonekana kwamba pumzi za watu peke yake, kwa joto lake na unyevu wake, pamoja na mwanga wa taa, zilikuwa zikiliharibu pango. Mwani wa kijani ulianza kuota ukutani. Mwaka 1963 serikali ya Ufaransa ililifunga pango lile kwa wageni, nalo halikufunguliwa tena. Mwaka 1983 palifunguliwa karibu yake pango jingine la kuiga, lililotengenezwa kwa mikono ya mafundi, na wageni hupelekwa huko. Basi picha zilizodumu maelfu ya miaka gizani zilitiwa hatarini kwa muda wa miaka 15 tu, na watu waliozipenda.

Mapango yetu ya Kondoa si kama yale. Yako wazi, upepo hupita, na pumzi ya mgeni haiwezi kudhuru kama ilivyodhuru Lascaux. Lakini uwazi huo huo ndio hatari yake, maana hakuna mlango wa kufungwa. Kuna mahali palipowekwa uzio wa nyavu za chuma, nao uliharibiwa na watu. Kwa hiyo uzio pekee unaoweza kudumu ni adabu ya mgeni na uangalifu wa mwenyeji.

Niongeze mfano mmoja wa kuonyesha kwamba hata sehemu ndogo ya picha ina thamani. Katika michoro ya Kolo iko picha moja mashuhuri ya watu watano. Mmoja yuko katikati, wawili wako upande huu na wawili upande huu, kana kwamba wanamvuta huku na huku. Bibi Mary Leakey, ambaye mwaka 1951 alikaa Kondoa akinakili kiasi cha picha 1,600 kwa mkono, aliona kuwa ni habari ya mwanamke anayetekwa, na jamaa zake wanamzuia asichukuliwe. Wataalamu wengine baadaye waliona humo mambo ya ngoma na uganga. Ni nani aliye sawa? Hoja zao zimesimama juu ya vitu vidogo: sura ya kichwa, mkao wa mkono, mstari mmoja wa kifua. Kidole kikifuta kichwa kimoja, shauri hilo halitakatwa milele. Kitabu cha Bibi Leakey kilitoka mwaka 1983, na jina alilokipa lilikuwa na maana ya sanaa ya Afrika inayotoweka. Jina hilo ni onyo la mtu aliyeziangalia picha hizo kwa karibu kuliko wengi wetu.

Sasa nafika penye swali gumu, nami sitaki kulikwepa. Liko pango moja liitwalo Mungomi wa Kolo, ambako wenyeji hata leo huenda kutambika, kuomba mvua na kutafuta uponyaji. Katika matambiko hayo pombe huweza kumiminwa mwambani. Mgeni akiona hayo huuliza, "Mbona mimi nakatazwa maji, na wao wanamwaga pombe?" Jibu langu ni hili. Mwamba ule haukuandikwa katika Urithi wa Dunia kwa sababu ya picha tu, bali pia kwa sababu watu wangali wakiuheshimu na kuutumia katika mambo ya imani yao. Wao si watazamaji; wana haja yao pale, na walikuwapo kabla ya tikiti na vitabu vya wageni. Mimi mwenyewe nilisomeshwa na wamisheni, wala sitambiki. Lakini najua tofauti ya mtu aingiaye chumbani mwake na mtu aingiaye chumbani mwa mwenzake. Kama picha zinadhurika kwa tambiko, shauri hilo ni la wazee wa mahali pale na walinzi wa mambo ya kale, wakae pamoja waafikiane ni upande gani wa mwamba utumike. Si kazi ya mgeni kuwadharau, wala kuwaiga.

Baada ya hayo, haya ndiyo mashauri niwapayo waendao huko, hasa waalimu waongozao watoto.

Kwanza, pigeni hodi. Kolo iko ofisi ya mambo ya kale. Fikeni hapo, lipeni kiingilio, andikeni majina yenu katika kitabu cha wageni. Anayependa jina lake likumbukwe, kitabu hicho ndicho mahali pake.

Pili, mfuateni kiongozi, wala msimtangulie. Kama kundi ni kubwa, ligawanyeni, watoto wachache waingie chini ya jabali na wengine wangoje nje.

Tatu, wafundisheni watoto kufunga mikono nyuma wanapokuwa karibu na mwamba. Na mtu mzima afanye hivyo pia, maana mtoto hutazama mikono yetu kabla ya kusikia maneno yetu. Msijiegemeze, wala msitue mizigo juu ya jiwe. Atakaye kuonyesha kitu asimame mbali, asikisogeze kijiti mpaka kigote ukuta.

Nne, msimwage maji, wala soda, wala kitu chochote juu ya picha, wala msifuatishe mistari kwa chaki au mkaa. Asiyeiona picha na angoje kidogo, akae kimya, asogee upande huu na upande huu. Macho hujizoesha.

Tano, tembeeni polepole msitimue vumbi. Msiwashe moto. Msiokote jiwe, kigae wala mfupa, hata kama chaonekana kuwa si kitu.

Sita, mkikuta dalili za tambiko, ziacheni kama zilivyo, wala msizicheke. Mkiwakuta watu wanaomba, ondokeni kwanza, mrudi wakiisha.

Zaidi ya hayo, kumbukeni ya kuwa mambo ya kale yanalindwa na sheria ya nchi ya mwaka 1964, na mwenye kuyaharibu ana hatia. Lakini sikuitaja sheria kwanza, maana askari hawezi kukaa chini ya kila jabali usiku na mchana.

Wazee wa vijiji vilivyo karibu nawaomba neno moja. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wageni wakija huleta faida, na faida hiyo yafaa ionekane kijijini, ili kijana aone kuwa picha nzima ina maana kwake kuliko shimo la kutafutia mali ya Wajerumani. Wakija na kuharibu, hakuna atakayepona, maana maji yakimwagika hayazoleki. Basi mwambieni mgeni bila kuogopa, awe na cheo au hana, awe wa mbali au wa karibu, kama mzee yule alivyomshika mwalimu kiwiko. Hakumtukana wala hakumfukuza. Mwalimu mwenyewe alitia leso mfukoni, akawaita watoto wakae chini, na kwa muda wa robo saa hatukusikia ila upepo. Kisha mtoto mmoja wa nyuma akasema kwamba ameona picha nyingine, ambayo hata sisi wakubwa hatukuwa tumeiona.

Mpwa wangu nilimjibu njiani tulipokuwa tukishuka. Nilimwambia kwamba aliyechora twiga hatumjui jina, na aliyeandika jina hatujui hata kwa nini aliliandika. Akafikiri, kisha akaniuliza kama alama ya mkono wangu imekwisha kukauka. Nilimwambia kwamba yaonekana imekauka, lakini chumvi imebaki, na kwamba sitarudia tena. Nanyi, wasomaji wapenzi, nawaandikia ili msihitaji kumjibu mtoto hivyo.

Ndimi karani mwenzenu.